Mzazi Asiyejua Kusoma

Katika nchi ya Kenya, sheria ya elimu ya mwaka 2013 yaagiza ya kuwa kila shule ya serikali iwe na chama cha wazazi. Basi wazazi huitwa shuleni, na walimu huwaonyesha namna ya kuwasaidia watoto wao nyumbani.

Katika mkutano kama huo mzazi asiyejua kusoma huketi nyuma, karibu na mlango. Hudhani ya kuwa hana la kumpa mwanawe ila chakula na nguo. Kumbe mkutano ule ni wake hasa.

Maana hapo husikia ya kuwa jioni aweza kumwambia mtoto, “Nisomee, mwanangu,” akamsikiliza mpaka mwisho. Aweza kumpunguzia kazi za nyumbani apate nafasi ya kusoma kabla ya giza, na kumlaza mapema, kwani mwenye usingizi hashiki mafundisho. Tena aweza kumwuliza kwa upole kama yuko mtu amtishaye njiani au shuleni. Mtoto asiyeogopa kugombezwa hafichi neno. Na hatari ikitokea, aweza kupiga simu nambari 116, ya kuwasaidia watoto, wala hatalipa kitu. Katika hayo yote hakuna hata moja litakalo kalamu.

Basi, enyi wanafunzi, msiwaonee haya wazazi wenu. Mwalimu akiwapa barua ya kuwaita, msiifiche mfukoni. Wasomeeni.