Mwiba Alioupewa Paulo

Sisi wa Ringwani hatuhitaji kamusi ituambie mwiba ni nini. Mazizi yetu tumeyazungushia matawi ya miiba, na anayechunga ng'ombe huvaa katambuga za matairi kwa sababu yake. Neno lenyewe ni la Kibantu, halikuazimwa kwa Waarabu, nalo limekaa ngeli moja na mti, mche na mzizi. Lakini limetoka porini likafika mbali. Mfupa mwembamba wa samaki ni mwiba, na nyuki akikuuma anakuachia mwiba.

Kwa hiyo tusomapo 2 Wakorintho 12:7, kwamba Paulo alipewa mwiba katika mwili, tunawaza kitu cha kutolewa kwa pini. Paulo aliandika kwa Kigiriki, na neno lake ni skolops. Taji la Bwana Yesu katika Mathayo 27:29 lina neno jingine, akantha, miiba ya vichakani. Skolops, katika Kigiriki cha zamani, ni mti uliochongwa ncha, wa kuzungushia ngome wakati wa vita. Baadaye likatumika kwa mwiba pia, hata katika Agano la Kale la Kigiriki, basi wafasiri wetu hawakukosea. Ila ncha hiyo huenda ilikuwa kubwa kuliko tunavyodhani. Aliomba mara tatu iondolewe, naye akajibiwa kwamba neema inamtosha. Ulikuwa ugonjwa? Macho? Watu waliompinga? Hakusema.

Hapo ndipo tunaposhindana na methali yetu, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Inamfaa mtoto mkaidi. Tatizo ni kwamba huletwa mpaka kitandani kwa mgonjwa, hasa kijana aliyerudi kutoka mjini akiwa amekonda, na wageni wanaanza kumhesabia alivyoishi. Paulo anasema mwiba wake alipewa. Na hata aliyejichoma kweli, mguu wake unavimba vilevile, na kisimani hafiki.

Katika jumuiya yetu tumekubaliana kwamba anayekwenda kumwona mgonjwa abebe dumu la maji au mzigo wa kuni, na aseme pole kabla ya kuketi. Wazee wawili watatu bado wananung'unika, lakini maji wanabeba.