Zabibu za Hombolo na Kahawa ya Baba

Sisi watu wa Kanyakine, katika Imenti ya Kusini, aghalabu twaijua divai kwa njia moja tu: twaiona Jumapili mkononi mwa padre. Mimi nilisoma shule ya sekondari ya misheni, na nilikuwa mtumishi wa altare; kwa hiyo niliijua kwa njia ya pili pia, maana siku moja nilipokuwa peke yangu katika sakristia nilifungua chupa nikaonja kifuniko kimoja. Ilikuwa tamu, lakini woga wangu ulikuwa mkubwa kuliko utamu wake. Tangu siku ile hata nilipotimiza miaka thelathini na minne, karani wa serikali mwenye mke na watoto watatu, sikuthubutu kuonja divai nje ya kanisa.

Basi mwaka 2023, mwezi wa Julai, baba aliniita shambani. Alinionyesha nusu eka ya kahawa ambayo ilianzishwa na marehemu babu. Msomaji atakumbuka kwamba Meru ni miongoni mwa wilaya za kwanza za Kenya ambazo Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, wakati wenzetu wa wilaya nyingine walikuwa bado wakikatazwa. Wazee wetu waliona fahari juu ya jambo hilo, na watoto wengi walisomeshwa kwa kahawa, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini sasa majirani wengi wameing'oa wakapanda ndizi na makadamia, na baba naye alikuwa amechoka. Akaniambia, "Shamba hili ni lako. Panda upendacho. Ila usiniulize tena habari za kahawa."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimesoma habari za wakulima wa zabibu wa Dodoma, huko Tanzania, nikapata tamaa. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma pamoja amehamia Dodoma kwa kazi yake. Nikamwandikia, nikaomba likizo, na mwezi wa Agosti nikashika njia. Nilipita Nairobi na Namanga, nikalala Arusha, na kesho yake basi likatupitisha Babati na Kondoa katika barabara nzuri ya lami. Nilipoiona nchi ile ya Ugogo, kavu, yenye mibuyu na vumbi jekundu, nilijiuliza kama kweli tunda lolote laweza kuota hapo.

Rafiki yangu alinipeleka Hombolo, upande wa bwawa, kwa mzee mmoja Mgogo mwenye shamba la mizabibu eka mbili. Kwetu Kanyakine hatuna desturi ya kusema shikamoo, lakini nilikuwa nimefundishwa njiani, nikasema, naye akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa!" akanicheka niliposhindwa kujibu.

Shamba lilikuwa safi kabisa. Mizabibu ilisimama kwa mistari, imetandazwa juu ya nyaya zilizofungwa kwenye nguzo, na vichala vyeusi vilining'inia chini ya majani. Mzee alinieleza kwamba wao huvuna mara mbili kwa mwaka: mara ya kwanza mwezi wa Februari na Machi, mara ya pili Agosti na Septemba. Siri yake ni kupogoa. Akiisha kuvuna hukata matawi, mti ukachipua upya, na baada ya miezi kama minne vichala huwa tayari. Mavuno ya kiangazi ndiyo bora, maana mvua ikikutana na zabibu mbivu hupunguza utamu na kuleta maradhi. Mbegu nyeusi waliyo nayo wengi yaitwa Makutupora, kwa jina la mahali palipo kituo cha utafiti wa zabibu. Na ile nyeupe ni Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa. Wamisionari wa Kikatoliki ndio walioanzisha mizabibu katika sehemu za Bihawana, kabla ya uhuru, kwa ajili ya divai ya Misa. Niliposikia hivyo nilikumbuka kifuniko changu cha sakristia, nikanyamaza.

Lakini nikaona jambo jingine. Penye mwisho wa mstari zilikuwako kreti zilizojaa zabibu, na nyuki wamezizunguka. Nikauliza kwa nini hazijachukuliwa. Mzee akasema mnunuzi aliahidi gari siku ya Jumatatu, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Matangi yake, kwa maneno yake, yalikuwa yamejaa. "Mahindi yatakungoja," akasema, "zabibu haikungoji hata siku mbili." Nilidhani nitamwona mtu mwenye huzuni. Kumbe yeye na wenzake kadhaa walikuwa wamenunua mashine ndogo ya kusaga na matangi ya plastiki, na zile zisizochukuliwa huzikamua wenyewe, wakauza mchuzi wa zabibu kwa lita. Ndivyo wanavyouita, mchuzi. Kwa mara ya kwanza nilifikiri ni kitoweo.

Jioni ile tuliketi chini ya mti, na mkewe akaleta bilauri na chupa tatu. Mzee akanifundisha kwamba rangi ya divai nyekundu hutoka katika ganda la tunda, kwa hiyo maganda huachwa ndani wakati mchuzi unapochacha. Ile nyeupe hukamuliwa kwanza na maganda hutupwa. Kisha akanimiminia kidogo, akaniamuru ninuse kabla ya kunywa. Ile nyeupe ilikuwa na ukali mwepesi kama wa limau, nami niliipenda mara moja. Ya pili, nyekundu isiyo na sukari, ambayo wao huiita kavu, ilinikunja uso: ilikuwa na ukakasi kama wa ndizi mbichi. Ya tatu ilikuwa tamu, na nikaitambua kama mtu amtambuavyo jamaa aliyepotea.

Mzee mwenyewe hakumeza. Alizungusha kinywani, akatema pembeni, akatikisa kichwa au akaitikia. Nilistaajabu, maana kwetu Meru wazee walitema pombe ya asali walipotaka kubariki mtu. Nikamuuliza kama ni baraka. Akacheka hata machozi yakamtoka. Akasema mwanzo alikuwa akiuza zabibu miaka mingi bila kuonja divai, na kila mnunuzi alimwambia zabibu zake hazina sukari ya kutosha, naye akaamini, akapokea bei aliyopewa. Baadaye bwana shamba alimwonyesha kipimo cha sukari, kisha akamfundisha kuonja. "Sasa mtu akiniambia yangu ni mbaya," akasema, "namimina bilauri mbili, tunaonja sote."

Kisha akaniuliza habari za nchi yetu. Nikamweleza Kanyakine ilivyo chini ya Mlima Kenya, na mvua zetu mbili, za masika na za Oktoba hata Desemba, na ukungu wa asubuhi. Akaniangalia kwa huruma. Mizabibu yake, katika nchi kavu, hushambuliwa na ubwiri unga hata hulazimika kupiga dawa ya salfa mara kwa mara. Kwetu, akasema, ningekuwa nalimia ubwiri. Hata hivyo, nilipoondoka, nilitamani kukata vijiti viwili vitatu vya kupanda. Lakini kuvusha mimea mpakani bila kibali ni kosa, nami nala mshahara wa serikali. Nilichukua chupa moja tu, nikailipa.

Baba aliipokea chupa ile, akaiweka kabatini, na sidhani ameifungua. Aliuliza neno moja: "Utang'oa lini?" Nikamwambia anipe muda hata mavuno.

Mwezi wa Oktoba nilichuma kahawa mbivu, debe dogo, nikamenya kwa mkono, nikailoweka, nikaiosha, nikaianika juu ya gunia. Ilipokauka mke wangu akaitwanga kinuni, tukaikaanga kwenye sufuria mpaka ikapasuka na nyumba nzima ikajaa harufu. Nikampelekea baba kikombe. Msomaji, mzee huyu amelima kahawa zaidi ya miaka arobaini, na kila asubuhi ya maisha yake amekunywa chai.

Alinusa kama nilivyomwambia. Akanywa kidogo, akakaa kimya muda mrefu, akitazama shamba. Kisha akauliza, "Hii ndiyo waliyokuwa wakituambia ni daraja la chini?"

"Hii yenyewe, baba. Ya mistari ile ya juu."

Akanywa tena. Akaniuliza kama nimebakiza nyingine, maana mwenyekiti wa kiwanda chetu angepita kesho yake, naye alitaka kumkaribisha.