Ugumu Unaofundisha na Ugumu Unaochosha

Muhula ukiisha, napokea mafaili mawili ya kozi ninayofundisha mtandaoni: la alama na la maoni ya wanafunzi. Zamani nilidhani yatakubaliana, kwamba aliyelipenda somo atakuwa amefaulu na aliyenung'unika ameanguka. Mara nyingi hayakubaliani, na walioacha masomo kimyakimya katikati ya muhula hawamo katika lolote.

Maoni hayo hayana majina, ila wengine huniandikia wenyewe. Muuguzi mmoja, anayesomea kwenye simu akitoka zamu ya usiku, alilalamika kwamba video zangu zinamaliza bando, na kwamba nauliza kuliko ninavyofundisha. Kwenye karatasi yake ya mtihani, swali la kukokotoa dawa, alikuwa ameikata hesabu ya kwanza na kuandika pembeni, "hii ni dozi ya mtu mzima, mgonjwa ni mtoto", kisha akaanza upya. Nilikaa na karatasi ile kwa muda.

Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha utafiti wao wa madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard. Wanafunzi waliohangaika na maswali kwa makundi walijifunza zaidi ya waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Hayo yalikuwa ya ana kwa ana, si ya skrini. Hata hivyo yalinifariji, na faraja hiyo sasa naiogopa, maana mwalimu akiikumbatia atageuza kila lalamiko kuwa ushahidi kwamba anafundisha vyema. Maswali yalimfikirisha yule dada. Bando lililoisha halikumfundisha kitu; lilimla mshahara tu.

Basi video nimezifupisha, nikaweka na maandishi yanayofunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Maswali nimeyaacha.

Linalonisumbua ni upweke. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilitegemea vitabu vya kuchapwa, lakini kilikuwa na vituo mikoani ambako mtu angeweza kumkuta mwenzake aliyekwama palepale. Wanafunzi wangu wamejiundia kundi la WhatsApp nisilokuwemo, na nadhani ni vyema nisiwemo. Lakini anayekwama usiku wa manane, wenzake wote wamelala, sijaweza kuamua kama saa ile inamkomaza au ndiyo inayomfanya aache.