Hakuna Mgonjwa

Ukimwambia mtu wa Dundori unaenda India, swali huwa moja: nani mgonjwa? Si ubaya wake. Kwetu India ni figo, ni moyo, ni saratani, ni harambee kwenye uwanja wa kanisa na bahasha za kaki zikipita mkono kwa mkono. Mtu haendi India kutembea. Kutembea ni Naivasha, au Mombasa kama mavuno yamekubali. Kwa hivyo mimi na mwenzangu tulipotangaza kwamba tunaenda Mumbai wiki mbili, kila mtu na begi lake mgongoni, mzee mmoja jirani alitushika mikono kwa huruma kabisa na kusema Mungu ni mwema.

Pesa zilikuwa za waru. Huyu wangu hununua shangi kwa wakulima kule juu na kuzishusha Nakuru. Msimu mmoja bei ilipanda tukaweka kitu. Kila mtu alijua pesa hizo zingefanya kazi gani: ruracio. Tumeishi pamoja miaka mitatu, njoo-tuishi ya kawaida, bila hata mbuzi mmoja kutoka kwao kuingia boma letu. Mamangu hakupinga safari. Alinyamaza tu, na mama yule akinyamaza, afadhali angepiga kelele.

Ndege ni moja kwa moja kutoka Nairobi, karibu saa sita. Na kusema ukweli, majirani hawakuwa wamekosea sana. Abiria aliyeketi kando yangu alikuwa amepakata bahasha kubwa ya picha za eksirei kama mtoto. Akatuuliza, kwa upole, sisi tunaenda hospitali gani. Mwenzangu akasema tunaenda kuona bahari. Jamaa akatazama dirishani.

Tulifika Colaba usiku, kwenye gesti tuliyokuwa tumeagiza chumba kwa simu. Kijana wa mapokezi alichukua pasi zetu, akaziweka kando kwa kando, akasoma majina ya mwisho. Kisha akauliza: mmeoana? Tulikosa jibu kwa sekunde mbili, na sekunde mbili zilitosha. Chumba kikaisha ghafla. Baadaye tuliambiwa hakuna sheria ya India inayowakataza watu wasiooana kulala chumba kimoja, ni gesti zenyewe hujitungia masharti. Saa saba ya usiku sheria haikusaidii. Ulikuwa Machi, joto la kukaba koo, nami bado nimevaa sweta ya Dundori.

Gesti ya pili ilikuwa orofa ya tatu, ngazi za mbao. Mzee mmoja alikuwa na daftari kubwa, refu kama lile la chifu. Kule mgeni kutoka nje lazima aripotiwe kwa serikali ndani ya saa 24, kwa hivyo huandika kila kitu: umetoka wapi, unaenda wapi, na huyu mwingine ni nani wako. Kabla mzee hajamaliza swali mwenzangu akasema, “Mke wangu.” Mzee akaandika.

Sijawahi kumsikia akilisema. Kwa nyanyake mimi ni “huyu mgeni wetu”. Kwa marafiki zake mimi ni jina langu tu. Miaka mitatu, halafu neno linamtoka mbele ya mzee asiyetujua, kwa Kiingereza, kwa sababu ya kitanda. Sikulala vizuri. Asubuhi nikamuuliza, “Jana ulimaanisha?”

“Kumaanisha nini?”

“Wewe unajua.”

Akasema ana njaa.

Basi tukala. Mumbai wana kitu kinaitwa vada pav: viazi vilivyopondwa na kuungwa, vikazungushiwa unga wa dengu, vikakaangwa na kuwekwa ndani ya mkate na chatini ya kitunguu saumu. Yaani tumevuka bahari kufuata waru. Mwuzaji aliziita batata, na mwenzangu akaruka, maana Pwani wanasema mbatata. Siku nzima ikawa mchezo. Mkokoteni wao ni “hath gadi”, na gadi ndiyo gari yetu. Mbeba mizigo ni hamal. Laki ni laki. Pesa zenyewe ni neno lao, na hata rupia ilitumika Kenya hadi karibu 1920. Vibarua zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka huko kujenga reli kati ya 1896 na 1901, ile reli iliyopita Nakuru, lakini shuleni nilifundishwa habari za simba wa Tsavo tu.

Kilichonishangaza zaidi nitakisema wazi. Muhindi niliyemjua Nakuru alikuwa nyuma ya kaunta, na sisi mbele. Hapa nikaona Muhindi anavuta mkokoteni, Muhindi amelala kwenye baraza, Muhindi ananyolewa ndevu kando ya barabara. Naona haya kiasi kwamba ilibidi nipande ndege ili nione hivyo. Na sisi, watoto wa M-Pesa, ndio tulikuwa tunahesabu noti chafu huku muuza ndizi akituonyesha kibandiko cha kuskani kwa simu.

Siku ya tatu tukapanda treni ya mjini pale Churchgate. Kuna mabehewa ya wanawake peke yao, hivyo tukaachana, tukapatana tukutane Dadar. Mlango haufungwi. Ndani mama mmoja alikuwa anauza herini na vibanio vya nywele, wengine wanamenya mboga za jioni. Mmoja akanisogezea nafasi akaniuliza, “Kenya? Hospitali?” Nikacheka mpaka akacheka pia, bila kujua tunacheka nini.

Jioni ya nne tulikuwa tumekaa kwenye ukuta wa Marine Drive, jua linazama, mamangu akapiga. Nyumbani ilikuwa saa kumi na robo, saa ya kukamua.

“Mami, mmepata daktari?”

Nikamuuliza daktari gani. Akashusha sauti. Kumbe akina mama wa kanisa wamekuwa wakituombea tangu Jumapili. Miaka mitatu bila mtoto, halafu India, wakajumlisha wenyewe. Naye hakuwasahihisha. Alisema hivyo ni rahisi kuliko kueleza eti tumeenda tu, na pesa zile.

Nilishindwa kuongea. Mwenzangu alikuwa amesikia, maana mamangu huongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Akaichukua mkononi mwangu.

“Mama, shikamoo. Hakuna mgonjwa. Tunatembea tu.”

Kimya. Nilisikia ndoo ikiwekwa chini. Kisha mamangu akauliza, “Na huko waru ni pesa ngapi?”

Akamwambia. Akamwambia pia za hapa ni ndogo, ngozi nyembamba, hazina unga kama shangi. Mamangu akataka kujua wanapakia kwa gunia la kilo ngapi. Wale wawili hawajawahi kuongea zaidi ya salamu. Waliongea mpaka salio likaisha, mimi nikiwa nimeshika viatu vyake.