Dirisha la Zamani Nyumbani Mwetu

Wengi wenu mmepata kuniuliza habari za lile dirisha la vioo vya rangi lililo katika sebule yangu hapa Bagamoyo. Mwataka kujua nimelipata wapi na kwa bei gani, ili nanyi mpate kupamba nyumba zenu vivyo hivyo. Nimeona afadhali niwajibu nyote kwa mara moja, maana habari yenyewe si ya bei tu.

Mnajua jinsi mji wetu wa kale ulivyo. Zile nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilijengwa zamani, wakati misafara ya bara ilipokuwa ikiishia hapa, na wakati Wadachi walipokuwa na makao yao makuu hapa hadi mwaka 1891. Nyingi zimebomoka. Paa likiisha kuvuja, mvua huingia ndani ya ukuta, boriti huoza, na nyumba huanguka. Hata Unguja, ambako Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Lakini nyumba ikianguka, mbao zake hubaki, na mbao hizo hupata wanunuzi. Milango hugeuzwa meza, na madirisha hutiwa vioo vya kujitazamia yakatundikwa ukutani.

Basi mwaka juzi, nilipokuwa karibu kumaliza kujenga, nilipita penye duka la mtu auzaye vitu vya kale. Nikaliona dirisha limeegemezwa ukutani: mbao mbili za mvule za kufunga na kufungua, na juu yake nusu duara yenye nafasi sita za vioo, vyekundu, vya buluu na vya manjano, kimoja kimetoka. Mke wangu akasema, "Baba Yohana, tununue dirisha jipya la alumini, lenye wavu. Kioo chekundu hakizuii mbu." Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini macho yangu yalikuwa yamekwisha kununua. Wala sikuuliza limetoka katika nyumba ya nani. Hilo ndilo kosa langu, nami nalikiri mbele yenu.

Kabla ya kulitia ukutani ilitupasa kulisafisha, na hapa nataka mwangalie sana, hasa ninyi wenye watoto wadogo. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi. Mtoto akimeza vumbi lake, sumu huingia katika damu na kudhuru akili, wala huioni dalili yake upesi. Mimi sikujua. Fundi alikuwa akisugua rangi kavu uani, na kitinda mimba wangu, mtoto wa miaka miwili, ameketi chini yake akiokota magamba ya rangi kama maua. Jirani yetu mmoja, muuguzi, akapita, akapiga kelele. Ndipo tulipojifunza: mbao hulowanishwa kwanza, kisha hukwanguliwa taratibu, magamba hukusanywa juu ya turubai, fundi hufunika pua na kinywa, wala rangi haichomwi kwa moto kamwe. Na watoto wawe mbali. Tulimwosha mtoto, tukafua nguo zote, tukapiga deki ua mzima. Usiku ule sikulala. Hata leo mtoto akikosea neno, mama yake hunitazama mimi.

Baadaye fundi aligonga mbao kwa nyundo ndogo, maana ubao ulioliwa na mchwa hulia kama bua. Zetu zilikuwa nzima. Palikuwa na alama moja tu nyeusi, kadiri ya sarafu, upande wa chini wa ubao wa kulia. Fundi akataka kuipiga randa, nikamwambia aiache. Tukalitia dirisha upande wa mashariki, na kwa ndani tukapigilia wavu, ili mwenye nyumba naye apate haki yake. Jua likitoka, rangi huanguka sakafuni, na watoto huweka mikono yao ndani yake.

Hata siku moja alasiri alikuja bibi mmoja wa mtaa wa kale, mtu mzima sana, akiongozwa na mjukuu wake, ambaye husoma darasa moja na mwanangu. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akanyamaza. Kahawa ikapoa mbele yake. Mwisho akasema, "Mwalimu, fungua ule ubao wa kulia, utazame chini. Pameungua."

Alikuwa hajainuka mkekani.

"Ndugu yangu aliweka kandili pale, akasinzia," akasema. "Baba akamchapa, nasi sote tukalia."

Ilikuwa nyumba ya baba yake. Warithi ni wengi, wengine wako Unguja, wengine Maskati, na nyumba ilikuwa imefungwa miaka mingi. Jamaa mmoja, bila kuwauliza wenziwe, aling'oa madirisha akayauza. Nikamwambia, "Bibi, lichukue. Kesho fundi atalitoa." Akanicheka kidogo. "Nikalitie wapi? Ukuta wake umelala chini." Nikamtolea fedha, akazisukuma. Sikujua kama nimesamehewa, na mpaka sasa sijui.

Alitaka jambo moja tu: ule mlango mkubwa wa nakshi, ambao ungali umesimama, usiuzwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Nikamwandikia barua, tukaenda pamoja kwa wanaosimamia mambo hayo, na mlango upo hata leo, umefungwa kwa mnyororo. Madirisha mengine manne yamekwisha kwenda, na mwuzaji hakumbuki ni kwa nani. Kwa hiyo ye yote atakaye dirisha kama langu, na aulize kwanza nyumba, na wenyewe wako wapi, ndipo aulize bei.

Bibi huja asubuhi siku za Jumamosi, jua likiwa bado chini, huketi penye rangi na kunywa kahawa yake. Ile nafasi ya kioo kilichotoka nilikuwa nimeitia kioo cheupe. Juzi aliniambia kuwa kile cha asili kilikuwa kijani, rangi ya jani changa la mgomba. Nimekwenda kukitafuta Kariakoo mara mbili; nimepata kijani cha chupa tu, naye amekitazama akatikisa kichwa.