Kinga ya Upepo Kule Soy



Sisi watu wa pwani tumezoea kuuona upepo kuwa ni rafiki. Mwezi wa Julai kusi huvuma mchana kutwa, ikapoza baraza na kukausha nguo uani, na wazee wetu walisafiri kwa hisani yake. Kwa hiyo dada yangu aliponiambia kuwa upepo utamuulia mwanawe, sikumwelewa. Kijana huyo huendesha bodaboda Soy, alikooa na kuweka makazi, na kila alipopiga simu alikuwa akikohoa. "Kaka, nenda ukamrudishe nyumbani," aliniomba. Nikafunga safari.

Soy iko mbele ya mji wa Eldoret, zaidi ya kilomita 20 katika barabara iendayo Kitale. Eldoret yenyewe wapo wanaoiita Sisibo hata leo, kwa namba 64 ya shamba ilipoanzishwa posta, kabla mji haujapewa jina lake la sasa mwaka 1912. Huko ni uwanda wa Uasin Gishu, ulioinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nilikuta mahindi yamefika kifuani, mabichi na mazito, yakienda hadi mwisho wa macho, na ngano changa ikilala na kuinuka kama maji ya kina kifupi. Mandhari ni ya kumshukuru Muumba. Lakini hakuna mnazi wala ukuta wa kuuzuia upepo, na upepo wa kule haubebi harufu ya bahari, hubeba baridi.

Niliijua baridi hiyo alfajiri ya kwanza. Tulipomaliza kusali, mpwa wangu alifunga madebe ya maziwa ya wateja wake, nami nikapanda nyuma. Alivaa koti kinyume, zipu mgongoni, kama wafanyavyo waendeshaji wengi, ili upepo usipenye kifuani. Hewa yenye nyuzi 10 za Selsiasi, ukiipasua kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mwili huihisi kama nyuzi 5. Baada ya robo saa vidole vyangu havikuwa vyangu tena. Yeye hufanya hivyo kila siku.

Tuliporudi, mkewe alitukaribisha kwa chai na mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye majivu ya mti. Nikamweleza mpwa wangu ujumbe wa mama yake. Akainamisha kichwa.

"Mjomba, nakuheshimu, na mama nampenda. Lakini nikirudi Mombasa nitawalisha nini hawa? Riziki yangu Mwenyezi Mungu ameiweka hapa."

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha kipande kikubwa cha plastiki kilichopasuka. Kilikuwa kioo cha kukinga upepo alichojitengenezea mwaka uliopita, kirefu kupita kofia yake na kipana kama mlango wa kabati. Kifua kilipata joto, akafurahi. Asubuhi moja ya mvua, matone na tope vilikifunika asione mbele; lori likampita kwa kasi, upepo wake ukakipiga kioo, kioo kikauzungusha usukani, naye akajikuta mtaroni. Alhamdulillahi, alitoka na michubuko tu. Tangu siku ile aliapa kutoweka kioo tena, na habari hiyo mama yake hakuijua.

Hapo niliuona mtihani wake: bila kinga anaumia kidogo kidogo, na kwa kinga mbaya angeweza kufa siku moja. Nilimsihi kwanza aende zahanati kwa ajili ya kikohozi, naye akaenda. Kisha tukaanza kazi.

Tulianza na kadibodi, maana kadibodi ikikosewa haina hasara. Mpwa wangu alikaa juu ya pikipiki kama aendeshavyo, kofia ngumu kichwani. Mimi nikaishika kadibodi mbele yake, mkewe akatia alama kwa mkaa. Kosa kubwa la kioo cha zamani lilikuwa kumlazimisha atazame kupitia ndani yake. Ukingo wa juu unapasa kuishia baina ya kidevu na pua, ili macho yaone juu ya kioo hata kikichafuka, na upepo uteleze kuelekea juu ya kofia. Upana nao tuliupunguza ukatosha kifua tu, kwa kuwa kadiri kioo kinavyokuwa kidogo ndivyo upepo wa ubavuni unavyokosa pa kushika.

Eldoret tulipata kipande cha polikaboneti chenye unene wa milimita 3. Perspeksi hung'aa zaidi, lakini ikivunjika hutoa vipande vyenye makali. Polikaboneti hupinda kabla ya kuvunjika, na mkunjo mpole hauhitaji moto. Tuliikata kwa msumeno wenye meno madogo, tukalainisha kingo kwa msasa. Matundu tuliyatoboa polepole juu ya ubao, mapana kidogo kuliko bolti, kwa sababu plastiki hutanuka juani. Kila bolti ikawekewa kipande cha mpira wa tyubu ili isiume.

Fundi wa kuchomelea alitukunjia vyuma bapa. Kioo cha zamani kilisimama juu ya usukani kama bendera. Hiki tulikishusha hadi kwenye vishikio vya taa na kukilaza nyuma kidogo. Bado hugeuka pamoja na usukani, lakini upepo hauna tena nguvu ileile ya kuuzungusha. Tuliuzungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho, tukahakikisha kioo hakigusi tangi, hakivuti waya wa breki wala wa mafuta, na hakifuniki taa.

Alikijaribu kwanza kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha 40. Siku ya tatu akanichukua hadi barabara kuu. Lori likaja. Nilishika sana na midomo ikaleta shahada. Pikipiki ikatikisika kidogo, ikanyooka, tukaendelea baina ya mahindi.

Jioni nilimpigia dada yangu nikamwambia kweli yote, hata habari ya mtaro. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hicho cha sasa, anaona mbele?" Nikamjibu kuwa anaona. "Basi mwambie kila Ijumaa akaze bolti," akasema, "na akioshe kwa maji na sabuni, asikipanguse kikavu kikakwaruzika." Nikaongeza kuwa petroli nayo isikiguse, kwani huiharibu polikaboneti.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfunza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mola. Wengi wetu tuna mtoto aliye mbali, njiani alfajiri, na moyo hutaka kumjengea ukuta. Nilikwenda Soy kumrudisha kijana nyumbani. Nikarudi peke yangu, nikiwa na amani. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote na awabarikie riziki zao. Amin.