Ja Tulimsamehe Mara Mbili. Saba Je?

Wadau, leo sina klipu ya danki. Nina deni.

Mwanzoni mwa Novemba 2025 Memphis Grizzlies walimsimamisha Ja Morant mechi moja. Safari hii haikuwa ligi, ilikuwa timu yake mwenyewe, na haikuwa bunduki, ilikuwa tabia na maneno baada ya kufungwa na Lakers. Jumamosi iliyofuata tukakaa kando ya uwanja wetu wa mtaani tukingoja zamu, na bila shaka mjadala ukalipuka. Msee mmoja akasema Memphis wamuuze hata kwa bei ya kutupa. Mwingine akamwambia nyamaza, wewe kila msimu unahamia timu inayoshinda. Mimi mnanijua. Nikasimama nikaanza hotuba yangu ya kila mwaka: shabiki wa kweli hamwachi mtu wake akianguka, kila mtu anakosea, huyo ni kijana kama sisi, na kadhalika.

Nilikuwa katikati ya hiyo "na kadhalika" nilipomwona Saba amesimama nje ya ua, mikono kwenye waya, anasikiliza.

Saba ni namba ya jezi yake ya zamani, jina lake wacha nilifiche. Ngoja kwanza niwapange wale hawafuatilii mpira wa kikapu, halafu nirudi kwake.

Ja aliingia NBA 2019, mchezaji wa pili kuchaguliwa, kutoka chuo cha Murray State ambacho wengi wetu huku hatukuwa tumewahi kukisikia. Mwaka uliofuata akatajwa mchezaji bora kati ya wageni wa ligi. Alikuwa anaruka kama mtu ambaye hajaambiwa kuna mvutano wa ardhi. Halafu Machi 2023, baada ya mechi ya Denver, akaonekana laivu kwenye Instagram ameshika bunduki kilabuni. Ligi ikampa mechi 8. Akaomba msamaha, akasema amejifunza. Mwezi wa tano, video nyingine, bunduki tena, ndani ya gari. Mara hii ligi ikamnyima mechi 25 za kwanza za msimu wa 2023-24.

Bila yeye Memphis walishinda mechi 6 na kupoteza 19. Kumbukeni hiyo hesabu.

Alirudi Desemba 19, New Orleans, kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 20. Nilikuwa nimenunua bando ya usiku na nimelala na nguo ndio nisishindwe kuamka. Memphis waliachwa kwa zaidi ya pointi 20. Ja akawabeba, akafunga 34, na ya mwisho akaiweka ndani muda ukiisha: 115-113. Nilipiga kelele mpaka mamangu akaja mlangoni kuuliza nani amekufa. Asubuhi niliposti video ndefu. Nilisema, na bado iko pale mkitaka kuiona, kwamba dunia inahitaji watu wa kungoja wenzao.

Sasa Saba.

Wiki mbili tu kabla ya hiyo video, timu yetu ya mtaa ilikuwa imechanga pesa za jezi. Watu 11, jumla 14,500. Tulimpa Saba aweke kwenye simu yake kwa sababu yeye ndiye alikuwa mwaminifu kuliko sisi wote. Mimi ningekula hiyo pesa kwa chipsi, bila utani. Wikendi moja akaweka mkeka. Ukachanika. Akaweka mwingine akitafuta kurudisha ya kwanza, nao ukachanika. Kufikia Jumapili usiku alikuwa amebaki na shilingi 200.

Hakukamatwa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo huwa nairuka nikisimulia hii stori. Jumatatu alikuja mwenyewe uwanjani, akatuambia mbele ya wote, akasema atalipa pole pole. Alikuwa anatetemeka. Tulimtoa kwa timu kwa dakika kumi hivi. Hakuna aliyeuliza ameanza lini kubeti, ana madeni mangapi mengine, amekula leo au la. Meseji ya kumtoa kwa grupu ni mimi niliandika. Nilimalizia na neno "asante".

Wiki mbili baadaye nikaamka alfajiri kumngoja Ja.

Nilijitetea kwa muda mrefu kwamba hizo ni kesi tofauti. Saba aliniibia mimi, Ja hakuniibia kitu. Na kweli, ni rahisi sana kumsamehe mtu ambaye hajakugusa. Uaminifu wangu kwa Ja uligharimu bando na usingizi. Lakini kuna kitu kingine kilichokuwa kinanisumbua, na sikukiona vizuri mpaka niliposoma kuhusu Ron Artest.

Wazee wa kikapu wanamjua. Vijana mnamjua kama Metta World Peace, jina alilochukua 2011. Mwaka 2004 alikuwa Indiana Pacers, timu iliyokuwa imeshinda mechi 61 msimu uliotangulia, na yeye ndiye mlinzi bora wa ligi nzima. Novemba 19 wakiwa kwa Detroit, mechi imebaki chini ya dakika moja, ugomvi ukazuka. Artest akajilaza kwenye meza ya waamuzi. Shabiki akamrushia kikombe cha kinywaji. Artest akaruka hadi kwa viti akamvaa mtu, na hata hakuwa yule aliyerusha. Ligi ilimfungia msimu wote uliobaki. Ukihesabu na za mchujo, mechi 86.

Pacers walimngoja, na hiki ndicho kipande mashabiki wengi husahau. Walimshikilia kipindi chote hicho wakati kila mtu alikuwa anasema wamtupe. Reggie Miller, aliyechezea hiyo timu moja misimu 18, alistaafu 2005 bila pete. Artest akarudi msimu uliofuata, na kufikia Desemba akaomba kuhama. Fikiria umemngojea mtu mwaka mzima, halafu anakwambia anataka kwenda.

Kwa hiyo wanaosema nafasi ya pili ni ujinga wana ushahidi. Sitawadanganya.

Lakini mwaka 2010, mechi ya saba ya fainali, Lakers dhidi ya Boston, ni Artest huyo huyo aliyefunga pointi 20, pamoja na ule mtupo wa pointi tatu mwishoni uliowavunja Celtics. Kwenye mahojiano, mbele ya dunia, akamshukuru daktari wake wa akili. Watu walicheka. Mimi nilipoiona miaka mingi baadaye sikucheka. Pia aliwaomba radhi wenzake wa Indiana, wale aliowaacha. Hiyo pete akaja kuitoa kwa bahati nasibu ili pesa ziende kwa mambo ya afya ya akili. Yaani Indiana walipanda, Los Angeles wakavuna. Wakati mwingine nafasi ya pili hailipi aliyeitoa.

Kilichonigonga kwa Artest ni ile 86. Ni namba kubwa, inauma, lakini ni namba. Siku ya kwanza unajua zimebaki 86, kesho zimebaki 85. Ja naye alipewa 25. Mtu akipewa namba ameadhibiwa na wakati huo huo ameambiwa siku ya kurudi. Sisi Saba hatukumpa namba. Tulimwambia tu toka.

Nilileta hii hoja uwanjani nikidhani nimevumbua moto. Dada mmoja tunayecheza naye, ambaye kwa taarifa yenu hunifunga kila wiki, akanisimamisha: "Na Miles Bridges?"

Nikanyamaza. Bridges wa Charlotte alishtakiwa 2022 kwa kumpiga mama wa watoto wake. Hakupinga shtaka mahakamani, akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Ligi ilimpa mechi 30, halafu ikahesabu 20 kama zimeshatumikiwa kwa sababu alikuwa nje msimu mzima bila mkataba. Zikabaki 10. Mwaka 2024 akapata mkataba mpya wa dola milioni 75 kwa miaka mitatu.

"Naye alipewa namba," dada akasema. "Sasa mnakaa hapa mkisema mmemsamehe. Mmemsamehe kama nani? Nyinyi ndio mlipigwa?"

Sina jibu safi la hiyo. Nafikiri yuko sahihi kwamba shabiki hana msamaha wa kutoa kwa jambo kama hilo. Tunaweza kuamua kumtazama au kutomtazama, basi. Mimi simtazami. Jamaa wengine wanamtazama na hatujaachana urafiki, lakini nimeacha kutumia neno "kusamehe" nikiongea juu yake, kwa sababu si letu.

Halafu kuna Jontay Porter. Huyu ndiye anayenirudisha kwa Saba kila mara. Alikuwa Toronto Raptors, mchezaji wa akiba, wastani wa pointi kama 4 hivi kwa mechi. Aprili 2024 ligi ilimfungia maisha. Uchunguzi ulisema aliwapa watu wa kamari habari za ndani kuhusu afya yake, akajitoa mapema kwenye mechi ili mkeka wa mtu ushinde, na yeye mwenyewe akabeti mechi za NBA kupitia akaunti ya mtu mwingine, mikeka isiyopungua 13. Baadaye akakiri kortini. Ikatoka kwamba alikuwa na madeni makubwa ya kamari, na waliokuwa wanamdai ndio waliomsukuma.

Uwanjani kwetu hakuna mtu aliyemtetea Porter. Sikusikia hata sentensi moja. Na mimi mwenyewe naona adhabu yake ni ya haki, kwa sababu mchezaji akiuza matokeo hakuna mchezo tena, tungekuwa tunaamka alfajiri kutazama maigizo. Lakini nilijiuliza: tulinyamaza kwa sababu ya kosa lake, au kwa sababu ya zile pointi 4? Angekuwa anafunga 27 na kuruka kama Ja, nadhani mngeisikia hotuba yangu mpaka leo.

Memphis walikuwa na sababu ya kumngoja Ja: 6 kwa 19. Hata waliporudishiwa akacheza mechi 9 tu kabla ya bega kuharibika, na bado walingoja. Aprili 2025 ligi ilimtoza dola 75,000 kwa kuonyesha ishara ya bunduki kwa vidole baada ya kuonywa. Wakangoja tena. Saba alikuwa anatupa pasi nzuri na kulinda kidogo. Bila yeye hatukupoteza mechi 19. Tulipata mtu mwingine wiki iliyofuata.

Ndiyo hesabu tuliyopiga, wadau. Nilikuwa naiita uaminifu.

Saba hakubeti jezi ya mtu kwa mechi aliyocheza. Hakuuza mchezo. Alichukua pesa yetu, akaipoteza, akaja kutuambia. Na kwa hiyo miaka miwili amekuwa akilipa: 500, 300, kimya cha miezi mitatu, halafu 1,000. Anatuma kwa simu yangu kwa sababu mimi ndiye nilibaki na daftari. Sikuwahi kumjibu zaidi ya "nimeona". Ukijumlisha, amelipa 9,000. Hajabeti tangu mwaka jana Machi, kwa maneno yake. Siwezi kuthibitisha na sijajaribu.

Ile Jumamosi nilimaliza hotuba yangu haraka, nikatoka nje ya ua. Tukasalimiana. Nikamuuliza anacheza wapi siku hizi. Akasema hachezi. Kisha akaniambia, bila hasira yoyote, "Uko sawa kuhusu Ja lakini. Wamngojee tu."

Nimepeleka pendekezo kwa grupu. Namba: akimaliza 5,500 iliyobaki, au miezi sita, chochote kitakachotangulia, anarudi mazoezini. Pesa za timu hatashika tena, hilo hata yeye amekubali. Watu sita wamesema sawa. Watatu hawajajibu. Mmoja amekataa kabisa, na ni yule ambaye mwaka huo alikuwa ametoa 2,000 aliyopata kwa kibarua cha mjengo, wiki nzima ya kubeba mawe. Aliandika: "Nyinyi mlipoteza jezi. Mimi nilipoteza mgongo."

Hilo nalo ni kweli. Nimempigia simu mara mbili, hajashika. Kura ni Jumapili baada ya mechi, na nimeamua jioni hii nitapita kwao niongee naye ana kwa ana, nikiwa na 2,000 yake mfukoni. Bado sijui kama kumlipa mimi ni kumsaidia Saba au ni kununua kura.